Mahame Yenye Watu

Kiswahili kina maneno mawili ambayo wengi huyatumia kama pacha, nayo si pacha. Gofu ni jengo lililobaki mifupa: kuta bila ya paa, madirisha bila ya mbao. Hame ni mahali palipohamwa. Gofu husemea mawe; hame husemea watu, na hasa husemea kuondoka kwao. Nyumba yaweza kuwa gofu ilhali mwenyewe yumo ndani, kajikunyata pembeni pasipovuja; na mji waweza kuwa hame ilhali paa zake zote zingali juu. Tofauti hii ndogo inafaa kutangulizwa kila inapotajwa ile sanaa ya picha nyeusi na nyeupe za fukwe na viwanda vilivyokufa, kwa sababu sanaa hiyo imeyapenda mno magofu, na mara nyingi imepaita hame mahali ambapo watu wangalipo.

Mapenzi hayo hayana siri kubwa. Rangi zikiondolewa, kutu huwa kivuli, moshi huwa wingu, na tanuri la chuma lililozimika husimama kando ya bahari kama hekalu la watu wa kale. Bernd na Hilla Becher, mume na mke Wajerumani, walianza mwaka 1959 kupiga picha za matanuri, minara ya maji na matangi ya gesi, siku za mawingu matupu, bila ya kivuli na bila ya mtu hata mmoja. Mwaka 1966 walizunguka Uingereza na Wales ya kusini kwa kazi hiyohiyo. Katika kitabu chao cha mwaka 1970 vitu hivyo waliviita sanamu zisizo na jina la mchongaji, na mwaka 1990 maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice yakawatunuku kwa uchongaji, si kwa upigaji picha. Kazi yao ni kubwa na haina hila: walichokitaka ni umbo, na umbo wakalipata. Waliowafuata ni wengi, na wengi wao walichukua ule utupu wakaiacha nidhamu. Ndipo ikazuka desturi ya kwenda ufukweni na kamera kama aendavyo mtu kuzuru makaburi asiyowajua waliozikwa humo.

Mpigapicha mmoja alikwenda njia nyingine, naye alikuwa mtu wa kisiwani. Chris Killip alizaliwa mwaka 1946 mjini Douglas, katika Kisiwa cha Man, kilichomo katika bahari iliyo baina ya Uingereza na Ireland. Ni kisiwa kidogo chenye bunge lake, na chenye lugha yake pia. Wazazi wake walikuwa na kilabu cha pombe. Akaacha shule akiwa na umri wa miaka 16, akaanza kujifunza kazi ya kuendesha hoteli. Mwaka 1964, akipekua gazeti la Paris Match kutafuta habari za mashindano ya baiskeli ya Ufaransa, alikutana na picha ya Henri Cartier-Bresson ya mtoto wa mtaani aliyepakata chupa mbili za mvinyo, uso umejaa fahari. Picha ile haikuwa tangazo la biashara wala habari ya siku. Ilikuwa picha tu, na ikamtosha kuacha hoteli. Ili apate nauli ya kuondokea alipiga picha za watalii ufukweni majira yale ya joto, kazi ambayo wapigapicha wengi wa miji ya bahari wameianzia na wachache wakaikiri.

Alikwenda London akawa msaidizi wa mapigapicha wa matangazo. Mwaka 1969 akafika New York, akaona katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kisasa kazi za watu kama Paul Strand na Walker Evans, na aliporejea hakurejea London kwenye fedha. Alirudi kisiwani kwao. Usiku alihudumu katika kilabu cha baba yake, mchana akazunguka na kamera kubwa ya miguu mitatu akiwapiga picha wakulima, wavuvi, wanawake wazee, kuta za mawe na mashamba.

Wakati ule ulikuwa na uzito wake. Serikali ya kisiwa ilikuwa imeteremsha kodi ili kuvuta matajiri kutoka nje, na matajiri walikuja. Ardhi ikapanda bei, na wenyeji wakaanza kujiona wageni. Ned Maddrell, anayehesabiwa kuwa wa mwisho katika wale waliolelewa na lugha ya Kiman tangu utotoni kabla ya lugha hiyo kufufuliwa, alifariki mwaka 1974. Picha za Killip zilipigwa katika miaka iliyotangulia kifo hicho, na zilipotoka katika kitabu mwaka 1980 kisiwa kilichomo ndani yake kilikuwa tayari kinahama. Huko ndiko alikojifunza jambo ambalo hakuliacha tena: picha ya mahali panapoondoka haina budi kupigwa kabla pahala hapo hapajaondoka, na haina budi kuwa na nyuso.

Mwaka 1975 alipata ruzuku ya kufanya kazi kaskazini-mashariki ya Uingereza, akahamia Newcastle, kando ya Mto Tyne. Alidhamiria kukaa miaka miwili, akakaa zaidi ya kumi na tano.

Pwani ile haikuwa mpya kwa kamera. Ni pwani ya makaa ya mawe. Makaa ya Newcastle ndiyo yaliyoipasha moto London kwa karne nyingi, na mto wake ndio ulioziunda meli zilizoyabeba. Katika mji wa Jarrow, ng'ambo ya mto, karakana ya meli ya Palmers ilifungwa mwaka 1933, na mji mzima uliokuwa ukiitegemea ukabaki mikono mitupu. Oktoba 1936 wanaume wapatao 200 walitembea kwa miguu kutoka Jarrow hadi London, mwendo wa kilomita zaidi ya 400, kuliomba bunge kazi. Hawakuipata. Mwaka uliofuata Bill Brandt alikwenda huko akapiga picha ambayo imekuwa mashuhuri: mtu mmoja anasukuma baiskeli njiani, juu ya baiskeli limelala gunia la makaa aliyoyaokota, kofia imeshuka machoni, na nyuma yake ni giza la kilima. Mtu huyo hatazami kamera. Huenda hakuwa na nguvu ya kutazama chochote. Picha ni nzuri mno, na uzuri wake una kasoro moja: ni picha ya mpita njia aliyempiga mpita njia mwingine. Brandt alifika, akaona, akaondoka. Na baadaye, alipoichapa upya kazi yake, alizidisha weusi hadi watu wake wakawa kama vivuli vya masimulizi. Killip aliijua kazi hiyo barabara. Alichokifanya baada yake kinaweza kusomwa kama jibu refu.

Jibu lilianzia Wallsend. Jina la mji huo maana yake ni mwisho wa ukuta, kwa kuwa hapo ndipo ulipokoma ukuta uliojengwa na Warumi kukata nchi pande mbili. Karakana ya Swan Hunter ilikuwa hapo. Meli ya abiria Mauretania iliteremshwa majini hapo mwaka 1906, na Carpathia, ile iliyowaokoa waliosalimika wa Titanic, ilitoka katika karakana hiyohiyo. Killip alipofika, mafundi walikuwa wakimalizia meli ya mafuta iitwayo Tyne Pride, yenye uwezo wa kubeba zaidi ya tani 250,000, miongoni mwa kubwa kupita zote zilizowahi kuundwa katika mto ule. Aliipiga picha kutoka barabarani. Pande mbili kuna nyumba za mafundi, matofali yamebanana, mlango kwa mlango. Watoto wanacheza katikati ya njia. Na mwisho wa njia, pale ambapo macho yangetazamia mbingu, pamesimama ubavu wa meli, mkubwa kuliko nyumba zote zikibebanishwa. Watoto hawaugeukii. Kwao ule ndio ukuta wa jirani.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1977, alirudi akasimama palepale. Nyumba zilikuwa zimevunjwa. Meli haikuwapo, na hakuna nyingine iliyochukua nafasi yake. Taa za barabarani zimebaki, zikimulikia kifusi. Picha ya pili ikitazamwa peke yake ni gofu tu, la kutundikwa ukutani na kusifiwa kwa mistari yake. Ikiwekwa kando ya ya kwanza inakuwa ushahidi. Hapa ndipo ilipo tofauti ya Killip na waliopenda magofu: yeye alifika kabla ya kifo, akauona mwili ungali na joto. Wengi katika Wallsend ya mwaka 1975 waliamini kuwa meli zitaendelea kuteremshwa kama zilivyokuwa zikiteremshwa siku zote. Killip alieleza baadaye kwamba yeye alihisi mwisho uko karibu, na kwamba kwa sababu hiyo alijibebesha mzigo wa kuzipiga meli zile moja baada ya moja, ijapokuwa hakuna aliyemtuma. Karakana za nchi zikataifishwa mwaka 1977, zikabinafsishwa katika miaka ya 1980, na Swan Hunter ikafilisika mwaka 1993. Iliinuka kidogo, ikaanguka tena. Uundaji wa meli Wallsend ukakoma mwaka 2006. Mwaka 2007 winchi zake kubwa ziliuzwa kwa kampuni ya India, na mwaka 2009 zikapakiwa melini, zikasafirishwa kwenda kuunda meli mahali pengine. Kazi inajua kuhama. Watu ndio waliobaki.

Kutoka Newcastle kwenda kaskazini, mwendo wa kilomita zipatazo thelathini, upo ufuo wa Lynemouth. Hapo palikuwa na migodi miwili iliyochimba chini ya bahari, na takataka za mgodi, mawe na vumbi na makaa yaliyochanganyika, zilimwagwa ufukweni. Bahari ikafanya kazi ya chekecheo. Makaa ni mepesi kuliko jiwe. Wimbi lilichukua mchanganyiko ule, likaacha jiwe chini, likayarejesha makaa juu ya mchanga kila maji yalipokupwa. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi: kuna watu ambao saa yao ni maji. Waokotaji wa Lynemouth waliteremka na magari ya farasi, wakaingia hadi maji ya kiuno, wakachota makaa kwa mabeleshi na nyavu, wakapakia, wakapanda nayo pwani kuyauza. Baadhi yao waliishi palepale, katika kambi ya magari ya kukokotwa yaliyogeuzwa nyumba, juu ya ardhi nyeusi.

Killip aliuona ufuo huo mara ya kwanza mwaka 1976, akasema baadaye kwamba ilikuwa kana kwamba karne za kati na karne ya ishirini zimefumwa pamoja: farasi majini, na nyuma yao mitambo. Alitoa kamera. Akafukuzwa. Alirudi tena, akafukuzwa tena, safari moja magari ya farasi yakielekezwa kwake kwa mbio. Sababu ya waokotaji haikuwa ukali wa bure. Waliokuwa wakichukua msaada wa serikali kwa kukosa kazi wangeweza kuupoteza kama ingethibitika wanauza makaa, na mgeni mwenye kamera, kwa macho yao, alikuwa mpelelezi mpaka ithibitike vingine. Miaka sita ilipita hivyo. Mwaka 1982 aliingia katika kilabu walichokunywa, akajaribu kujieleza mara ya mwisho. Mtu mmoja akamtazama, akamkumbuka. Walikuwa wamewahi kukutana katika gulio la farasi la Appleby, wakajihifadhi mvua pamoja. Mtu huyo akawaambia wenziwe wamwache. Ufunguo wa kazi yote ile, basi, haukuwa kibali wala barua ya ofisi. Ulikuwa mvua.

Alinunua gari la kukokotwa, akaliweka kambini, akaishi humo kwa vipindi katika mwaka 1983 na 1984. Picha zilizotoka huko ndizo kiini cha jina lake. Mwanamume amejikunja katika dhoruba ya theluji, mkono mmoja usoni, kambi nzima imepotea nyuma yake. Msichana anazungusha hupu kiunoni juu ya ardhi iliyotapakaa taka, amezama katika mchezo wake kama aliye katika ua la kasri. Farasi amesimama majini na gari lake, na mtu juu yake hana haraka, anasubiri wimbi kama anayesubiri neno la mzee. Katika picha hizi hakuna jambo lililopangwa kumtia mtazamaji huruma. Waliomo wana shughuli. Wana hasira, wana mapenzi, wana choyo na mzaha. Wanaonekana kuwa na siku nyingine kesho.

Kuna swali ambalo halikuacha kuulizwa, na linastahili jibu lisilo la mkato: je, weusi na weupe haukuupamba umaskini ule? Killip alitumia kamera nzito ya filamu bapa, inayopigwa kipande kimoja kimoja, na mara nyingi akaongeza mwanga wa umeme hata mchana. Kamera hiyo haiibi. Mtu anayepigwa kwayo anajua anapigwa; anapata muda wa kukataa, kugeuka, au kusimama vile apendavyo. Filamu yake ni kubwa, kwa hiyo kila uzi wa koti na kila chembe ya makaa huonekana. Ama rangi, Lynemouth yenyewe haikuwa nazo nyingi: mchanga mweusi, mawingu ya risasi, povu. Hata hivyo ni kweli kwamba picha nyeusi na nyeupe huitoa siku katika tarehe yake. Mtazamaji wa leo hujisahaulisha kuwa waokotaji wale walikuwa wakati mmoja na kompyuta za kwanza za mezani. Huwaweka nyuma, katika enzi isiyo na jina, na akishawaweka huko hana deni nao tena. Hatari hiyo ipo, na mpigapicha hakuweza kuifuta yote. Alichoweza ni kuandika mahali na mwaka, na kukaa muda wa kutosha ili uso usigeuke alama.

Wenziwe wengine walichagua vingine. Martin Parr alipiga kwa rangi kali watalii wa New Brighton, mji wa ufukweni karibu na Liverpool, katika kitabu cha mwaka 1986, na baadhi ya wahakiki wakaona rangi ile inawakejeli wanyonge. Sirkka-Liisa Konttinen, mzaliwa wa Finland aliyehamia Newcastle na kundi la wasanii la Amber mwaka 1969, alirekodi kwa picha nyeusi na nyeupe mtaa wa Byker kabla haujabomolewa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1983. Lakini alipozigeukia fukwe za Durham, ambako migodi ilikuwa imemwaga taka zake kwa miongo mingi na sasa imefungwa, aliuacha weusi na weupe akatumia rangi. Uamuzi wake ni hoja nzuri kuliko makala nyingi. Kule mambo yaliyobaki kuonekana yalikuwa madoa: kutu juu ya jiwe, manjano ya maji yaliyooza, chuma kinachorudi kuwa udongo. Watu walikuwa wamekwishapanda juu. Huenda rangi ndiyo lugha ya hame halisi, na weusi na weupe ni lugha ya mahali ambapo bado kuna mtu wa kutazamana naye. Si kanuni, ni fununu tu.

Mwaka 1988 Killip alitoa kitabu cha In Flagrante, chenye picha 50 na maandishi ya John Berger na Sylvia Grant. Kilipokewa kama shitaka dhidi ya utawala wa Margaret Thatcher, na kwa kuwa mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa mwaka 1984 na 1985 ulikuwa umeshindwa muda mfupi kabla yake, tafsiri hiyo ilikuwa rahisi. Mwenyewe hakuridhika nayo. Kitabu kilipochapishwa upya mwaka 2016 alikumbusha kwamba picha zile zilipigwa chini ya mawaziri wakuu wanne, wa vyama viwili. Alikuwa na haki. Kumbebesha mtu mmoja lawama ya kufa kwa mto mzima ni njia nyingine ya kupasahau mahali, maana aliyelaumiwa akishaondoka madarakani watu hudhani kesi imekwisha. Thatcher aliondoka mwaka 1990. Mgodi wa mwisho pale, wa Ellington, ulifungwa mwaka 2005, na kiwanda cha alumini cha Lynemouth mwaka 2012.

Killip mwenyewe aliondoka mwaka 1991 kwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, akabaki huko hadi alipostaafu mwaka 2017. Inashangaza kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo mamia ya picha zake yalikaa kwenye masanduku. Picha za Lynemouth hazikupata kitabu chake kamili mpaka mwaka 2011. Za Skinningrove zilichelewa zaidi, na kuchelewa kwake kuna kisa.

Skinningrove ni kijiji cha wavuvi kilichobanwa baina ya magenge, katika pwani ya Yorkshire. Nacho kilikuwa na viwanda: mgodi wa mawe ya chuma uliofungwa mwaka 1958, na kiwanda cha chuma juu ya kilima. Vijana waliokosa ajira huko juu walirudi chini kwenye mashua, wakatega kaa na kamba mawe. Kijiji kilijulikana kwa kutopenda wageni, na wenye kamera kuliko wote. Killip alikuwa akienda huko katika miaka ya mwanzo ya 1980, na kijana mmoja akamkubali, naye kila aliyeuliza huyu anafanya nini hapa akajibiwa na kijana huyo. Katika picha, vijana wamekaa juu ya ukuta au benchi, nguo zao ni za mtindo wa mjini wa siku zile na nywele zimenyolewa vilivyo, wanasubiri maji yageuke. Hawafanyi chochote. Ni miongoni mwa picha bora za kungoja zilizowahi kupigwa, na anayejua mvuvi anavyoitazama bahari kabla ya kuingia ataona kuwa kungoja kule ni nusu ya kazi.

Mashua ikapinduka. Yule kijana na mwenziwe mmoja wakazama. Mama yake akataka picha za mwanawe, na Killip akarudi katika chumba chake cha giza, akapekua filamu zote, akagundua kwamba alikuwa amempiga mara nyingi kuliko alivyodhani: huyu hapa pembeni, huyu hapa nyuma, huyu hapa anacheka. Akamtengenezea mama albamu. Picha alizozipiga kwa ajili ya sanaa, ambazo wakati ule zilikuwa hazijatundikwa katika ukumbi wowote, zikaanza maisha yake zikiwa mali ya nyumba moja yenye msiba. Katika kitabu cha mwaka 1988 aliingiza chache tu za Skinningrove, na kwa karibu miaka thelathini hakuzisukuma nyingine mbele.

Mwaka 2018, akiwa amekwisha kustaafu, alizitoa. Angeweza kudai karatasi nzito na jalada gumu. Wachapishaji wa aina hiyo walikuwapo, na walikwisha kumchapa. Alichagua umbo la gazeti, kurasa pana zisizobanwa, wino juu ya karatasi ya bei ndogo, na toleo la meli za Wallsend likatoka kwa sura hiyohiyo, mwaka uleule ambao seti ya picha za meli aliizawadia nyumba ya sanaa ya Laing mjini Newcastle. Alifariki Oktoba 2020. Nakala za toleo la Skinningrove zilipelekwa kijijini bila ya malipo, zikatumbukizwa mlango kwa mlango, na waliokuwa vijana juu ya ule ukuta, sasa watu wa makamo, wakajiokota sakafuni asubuhi pamoja na barua nyingine za siku ile.